Rais mtendaji, waziri mkuu au mchanganyiko: ulinganisho kwa anayetakiwa kutoa maoni kuhusu katiba

Mtu anapoombwa maoni kuhusu katiba, swali la kwanza analotupiwa huwa ni kama anapendelea rais mtendaji au waziri mkuu anayetoka bungeni. Swali hilo lina uzito wake, na sehemu kubwa ya ulinganisho huu italishughulikia, lakini peke yake halimfikishi mchaguaji mbali, kwa sababu ziko nchi zenye rais mtendaji ambamo rais hushindwa kupata hata fedha za mradi aliounadi katika kampeni, na ziko nyingine zenye rais wa aina hiyo hiyo ambamo hakuna chombo kinachothubutu kumgusa. Habari ya mihimili mitatu, kwamba bunge hutunga sheria, serikali huzitekeleza na mahakama huzitafsiri, imo katika karibu kila katiba na haitofautishi nchi na nchi. Kipimo nitakachokitumia humu ni kingine: katika kila mfumo, nani ana mamlaka ya kumkatalia mkuu wa serikali, na akishamkatalia, je, mkuu huyo ana njia ya kumwondoa kazini?

Namna mkuu wa serikali anavyotoka

Mfano wa zamani zaidi wa mfumo wa urais unaotumika hadi leo ni katiba ya Marekani, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787. Humo rais na bunge huchaguliwa kila mmoja kwa njia yake, na hakuna anayeweza kumfupishia mwenzake muhula kwa sababu tu wamekosana. Rais hana mamlaka ya kuvunja bunge, mawaziri wake hawaruhusiwi kuwa wabunge, na akikataa kutia saini muswada, mabaraza yote mawili yanaweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili ukawa sheria bila yeye. Kwa upande wake, bunge haliwezi kumwangusha rais kwa kuwa halipendi sera zake. Ni lazima Baraza la Wawakilishi limshtaki, kisha Seneti imtie hatiani kwa theluthi mbili. Kizingiti hicho kiko juu sana. Andrew Johnson alinusurika mwaka 1868 kwa kura moja, Bill Clinton alishtakiwa mwaka 1998, na Donald Trump alishtakiwa mara mbili, mwaka 2019 na mwaka 2021, lakini hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Richard Nixon alijiuzulu mwaka 1974 kabla ya kufikishwa huko.

Katika mfumo wa bunge, waziri mkuu hukaa madarakani kwa muda ule tu ambao wabunge walio wengi wanamvumilia. Usiku wa tarehe 28 Machi 1979, serikali ya James Callaghan wa Uingereza ilipigiwa kura ya kutokuwa na imani. Mbunge mmoja wa chama chake, Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi, na ikaamuliwa kwamba asisafirishwe hadi London kupiga kura. Hesabu ilipotangazwa, wabunge 311 walikuwa wameikataa serikali na 310 walikuwa wameiunga mkono. Hapakuwa na mashtaka, wala ushahidi wa kosa, wala theluthi mbili. Kura moja ilitosha, na tarehe 3 Mei wananchi wakaenda kupiga kura.

Anayechagua kati ya mifumo hii miwili, basi, anachagua pia aina ya hatari atakayoishi nayo. Mfumo wa urais unampa mwananchi uhakika wa tarehe, kwa kuwa anajua rais ataondoka lini, lakini rais akiharibu mapema nchi hulazimika kumvumilia hadi muhula uishe. Mfumo wa bunge unaruhusu kosa lisahihishwe haraka, lakini unaweza pia kuzaa serikali zinazoanguka ovyo. Ujerumani iliyajua hayo kwa gharama kubwa kati ya mwaka 1919 na 1933, pale vyama vilivyochukiana viliweza kuungana kuiangusha serikali bila kukubaliana nani ashike usukani, na pengo likajazwa na amri za dharura za rais chini ya ibara ya 48 ya katiba ya wakati huo. Waandishi wa Sheria ya Msingi ya mwaka 1949 waliliziba pengo hilo katika ibara ya 67: bunge haliwezi kumwondoa chansela mpaka liwe limemchagua mrithi wake katika kura hiyo hiyo. Jaribio dhidi ya Willy Brandt mwaka 1972 lilishindwa. La tarehe 1 Oktoba 1982 lilifaulu, Helmut Schmidt akatoka na Helmut Kohl akaingia kwa kura ile ile, na nchi haikukaa hata siku moja bila serikali. Nikiambiwa nichukue kifungu kimoja tu kutoka katiba za kigeni, pengine ningechukua hicho.

Mfumo wa bunge una udhaifu mwingine ambao wanaousifu hawapendi kuutaja. Serikali na wabunge walio wengi ni timu moja, kwa hiyo pale chama kinapokuwa na wabunge wengi na nidhamu kali, waziri mkuu hupitisha karibu kila anachokitaka, na anayebaki na uwezo wa kumkatalia ni chama chake mwenyewe. Mwaka 2022 Liz Truss alilazimika kutangaza kujiuzulu kabla ya kutimiza miezi miwili madarakani kwa sababu wabunge wa chama chake walimwishia imani, wala haikuhitajika kura bungeni. Pale chama kinapomwogopa kiongozi wake, breki hiyo haifanyi kazi.

Michanganyiko, na ule unaotaka kusomwa mara mbili

Jina la cheo lisimdanganye msomaji. Rais wa Afrika Kusini, chini ya katiba ya mwaka 1996, huchaguliwa na wabunge na si moja kwa moja na wananchi, na Bunge la Taifa linaweza kumwondoa kwa wingi wa kawaida kupitia kura ya kutokuwa na imani, au kwa theluthi mbili akivunja katiba au sheria kwa uzito. Kwa kipimo chetu, huyo yuko karibu zaidi na waziri mkuu kuliko na rais wa Marekani.

Ufaransa, katika katiba yake ya mwaka 1958, iliweka wakuu wawili: rais, ambaye tangu marekebisho ya mwaka 1962 huchaguliwa na wananchi wote, na waziri mkuu anayewajibika kwa bunge. Wakiwa wa kambi moja, rais huwa na nguvu kuliko viongozi wengi wa Ulaya. Wakiwa wa kambi mbili, kama ilivyotokea mwaka 1986 hadi 1988, 1993 hadi 1995 na 1997 hadi 2002, waziri mkuu ndiye anayeendesha mambo ya ndani. Rais anaweza kulivunja bunge, lakini hawezi kurudia kabla ya mwaka mmoja kupita. Bunge nalo linaweza kumwangusha waziri mkuu, kama lilivyomfanya Michel Barnier mwezi Desemba 2024, ila rais aliyemteua hubaki pale pale. Mzigo wa kuwajibika humwangukia mmoja na sehemu kubwa ya madaraka iko kwa mwingine, na sijashawishika kwamba huo ni mpango mzuri kwa nchi inayoanza.

Kuna mchanganyiko mwingine ulio karibu zaidi na wasomaji wengi wa Kiswahili. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inamchagua rais moja kwa moja kwa kura za wananchi, kama katika mfumo wa urais, lakini mawaziri anawateua kutoka miongoni mwa wabunge, kama katika mfumo wa bunge, na yeye mwenyewe ana nafasi za kuteua wabunge hadi 10. Kura ya kutokuwa na imani humlenga waziri mkuu. Kumwondoa rais kuna utaratibu wake wa mashtaka, wenye masharti mazito zaidi. Mpangilio wa namna hii unahitaji kusomwa kwa makini kwa sababu ya jambo dogo la kibinadamu: mbunge anayetamani uwaziri hawezi kusahau uwaziri unatoka wapi, na waziri aliyeketi bungeni hawezi kuikagua wizara yake. Kenya ilikuwa na mawaziri wabunge hadi katiba ya mwaka 2010 ilipowatenga: idadi yao ni kati ya 14 na 22, hawawi wabunge, na Bunge la Taifa huwapiga msasa kabla ya kuapishwa. Tofauti ya maandishi kati ya katiba hizo mbili katika jambo hili ni ya ibara chache tu, ilhali tofauti ya mwenendo inaweza kuwa kubwa, hasa siku chama cha rais kinapopoteza wingi wa viti.

Fedha

Hapa ulinganisho ni mfupi. Katika mfumo wa bunge, wabunge wakiikataa bajeti wameikataa serikali yenyewe, na kwa kawaida serikali hujiuzulu au uchaguzi huitishwa. Katika mfumo wa urais, kila upande hubaki mahali pake, na ofisi zinaweza hata kufungwa: kati ya tarehe 22 Desemba 2018 na 25 Januari 2019, sehemu ya serikali ya Marekani ilisimama kwa siku 35 kwa sababu rais na bunge hawakukubaliana kuhusu fedha za ukuta wa mpakani. Ni usumbufu kwa mtumishi asiyelipwa mshahara, lakini pia ni ushahidi kwamba mtu amekataliwa na waliomkataa bado wako kazini.

Kenya iliongeza lango jingine. Hata baada ya bunge kupitisha bajeti, fedha hazitoki katika mfuko mkuu wa serikali mpaka Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe kwamba uchukuaji huo una msingi wa kisheria. Mdhibiti huyo hushika wadhifa kwa miaka minane na hawezi kuteuliwa tena. Kifungu cha kutoteuliwa tena ni kifupi sana na ndicho chenye kazi kubwa, kwa sababu ofisa anayesubiri kuongezewa kipindi huanza kuhesabu maneno yake mwaka mmoja kabla ya kipindi kwisha.

Mahakama

Kama ningepewa dakika kumi tu za kusoma rasimu ya katiba, ningezimaliza kwenye sura ya mahakama. Kuna maswali mawili ya kuuliza hapo, na watu wengi huuliza la kwanza tu: nani anateua majaji? La pili ndilo lenye uzito: nani anaweza kuwaondoa?

Mwezi Aprili 1952, katikati ya vita vya Korea, Rais Harry Truman aliamuru serikali ivitwae viwanda vya chuma kwa sababu mgomo ulikuwa unakaribia na aliamini jeshi lingekosa silaha. Wenye viwanda wakaenda mahakamani. Kati ya majaji tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani, wanne walikuwa wameteuliwa na Truman mwenyewe. Hata hivyo mahakama ilimkatalia kwa kura sita dhidi ya tatu, na wawili kati ya wale wanne, Harold Burton na Tom Clark, walikuwa upande wa waliomkatalia. Truman akavirudisha viwanda. Aliwateua, naam, lakini hakuwa na njia ya kuwaondoa, kwa kuwa majaji hao hukaa maisha yao yote maadamu hawajatenda kosa la kushtakiwa.

Ujaji wa maisha, hata hivyo, una ubaya wake: nafasi hupatikana kwa kifo au kwa kustaafu, na kila nafasi inayopatikana hugeuka uwanja wa vita vya vyama. Ujerumani ilichagua njia nyingine. Mahakama yake ya Katiba ina majaji 16, nusu yao huchaguliwa na bunge na nusu na baraza la majimbo, kwa theluthi mbili, hivyo hakuna chama kinachoweza kujaza viti peke yake; kila jaji hukaa miaka 12 na harudi. Afrika Kusini nayo imewapa majaji wa Mahakama ya Katiba miaka 12 bila kurudia, na mahakama hiyo ndiyo iliyoamua mwaka 2016 kwamba rais aliyekuwa madarakani na Bunge la Taifa pia walikuwa wameshindwa kuitii katiba katika suala la fedha za umma zilizotumika kwenye makazi ya rais huko Nkandla. Kati ya maisha yote na miaka 12 isiyorudiwa, mimi naegemea ya pili.

Uingereza inasimama peke yake katika ulinganisho huu, kwa kuwa haina katiba katika hati moja na mahakama zake haziwezi kubatilisha sheria iliyotungwa na bunge. Zinaweza, hata hivyo, kuizuia serikali. Tarehe 24 Septemba 2019, majaji 11 wa mahakama ya juu waliamua kwa sauti moja kwamba hatua ya waziri mkuu ya kulisimamisha bunge kwa wiki tano ilikuwa batili, na kesho yake wabunge wakarudi kwenye viti vyao.

Jambo moja hutenganisha katiba za Afrika kuliko mengine, nalo ni kama matokeo ya uchaguzi wa rais yanaweza kupingwa mahakamani. Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua uchaguzi tarehe 1 Septemba 2017 kwa majaji wanne dhidi ya wawili, na mahakama ya Malawi ikafuata tarehe 3 Februari 2020, ambapo uchaguzi uliorudiwa mwezi Juni ulimweka madarakani mgombea mwingine. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 41(7), inaelekeza kwamba mtu akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa rais, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Wapo wanaoitetea njia hii kwa hoja ya utulivu. Lakini ikiwa wajumbe wa tume wameteuliwa na mmoja wa wagombea, mlalamikaji ana haki ya kuona kwamba kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani.

Madaraka ya ngazi za chini

Serikali za mitaa zinaweza kuwa kali kwa serikali kuu kuliko bunge lenyewe, ikiwa tu haziwezi kufutwa. Baraza la jiji kuu la London lilipogombana na serikali ya Margaret Thatcher, bunge lilipitisha sheria ya kawaida, na mwaka 1986 baraza hilo likatoweka. Mamlaka yaliyotolewa kwa sheria ya bunge huchukuliwa kwa sheria ya bunge. Majimbo ya Ujerumani na ya Marekani, kinyume chake, yametajwa katika katiba, na kaunti 47 za Kenya pia zimo humo, pamoja na mgao wao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Msomaji makini atagundua mwanya hata hapo: asilimia hiyo hukokotolewa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, kwa hiyo bunge likichelewa kuidhinisha, kaunti hugawiwa kwa kipimo cha mapato ya miaka iliyopita, hata kama mapato halisi yamekwisha kukua.

Kufuli za katiba

Mipaka yote iliyotajwa hapo juu ina thamani sawa na ugumu wa kuifuta. Uganda iliondoa ukomo wa mihula ya urais mwaka 2005 na kikomo cha umri wa miaka 75 mwaka 2017, mara zote mbili kwa kura za wabunge. Marekani iko mwisho wa pili wa mizani: marekebisho yanahitaji kukubaliwa na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, na tangu mwanzo yamepita 27 tu, hali inayozuia uporaji lakini pia inafanya makosa ya karne ya 18 yaendelee kuishi. Ujerumani imeyafungia kabisa baadhi ya mambo, kama utu wa mtu na mfumo wa majimbo, katika ibara ya 79(3), ili wingi wowote usiyaguse. Kenya ilichagua katikati: mambo ya kawaida huamuliwa na bunge, lakini muhula wa rais, ugatuzi na uhuru wa mahakama havibadilishwi bila kura ya maoni. Jaribio la kupitisha mabadiliko makubwa kwa jina la mpango wa wananchi, yaani marekebisho yanayoanzishwa na wananchi wenyewe, lilikwama mahakamani, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba rais hawezi kuwa mwanzilishi wa mpango wa aina hiyo. Kufuli ya katikati ndiyo ningeipendekeza kwa nchi nyingi.

Kipi kimfae nani

Ikiwa nchi ina vyama kadhaa vinavyopokezana viti, mfumo wa bunge wenye kifungu cha Ujerumani cha mrithi unatosha, na una faida kwamba kiongozi mbaya huondoka bila nchi kuingia katika mgogoro. Ikiwa chama kimoja kimetawala miaka mingi na hakuna dalili ya kushindwa, mfumo wa bunge hautambana mkuu wake, wala wa urais hautambana, na mchaguaji anapaswa kuelekeza nguvu zake zote kwenye mahakama, tume ya uchaguzi na ofisi za ukaguzi, akisisitiza vipindi visivyorudiwa na uteuzi unaohitaji theluthi mbili. Na ikiwa wananchi wamekwisha kuzoea kumchagua rais kwa kura zao na hawako tayari kuiacha haki hiyo, kama ilivyo mahali pengi, basi wadai gharama yake: mawaziri wasiwe wabunge, rais asiteue wabunge, asivunje bunge, na hali ya hatari anayoitangaza iishe yenyewe baada ya siku chache, kama ilivyo Kenya, ambako hudumu siku 14 na haiongezwi ila kwa kura za theluthi mbili ya wabunge.

Rasimu ikishafika mkononi, isisomwe kuanzia mwanzo. Ifunguliwe kwanza kurasa za nyuma, kwenye masharti ya mpito, kutafuta sentensi inayosema kama mihula iliyotumikiwa chini ya katiba ya zamani itahesabiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Baraza la Katiba la Senegal lilimruhusu Abdoulaye Wade kugombea kwa mara ya tatu kwa hoja kwamba muhula wake wa kwanza ulianza kabla ya katiba ya mwaka 2001, na mwaka 2020 Alassane Ouattara wa Côte d'Ivoire aligombea muhula wa tatu kwa hoja kwamba katiba ya mwaka 2016 ilikuwa imeanza hesabu upya. Wade alishindwa kwenye kura, Ouattara alishinda.